Gari la matangazo lisikike, lakini pia lieleweke

Hapa Bunia habari nyingi zinawafikia wahami kwa gari la matangazo. Simu mara nyingi hazina moto, na mawe ya redio ni pesa. Basi gari linapita kambini, linapiga muziki, watoto wanalikimbilia, kisha sauti ya mtu inatangaza siku ya chanjo au maji ya kutiwa dawa.

Siku moja nilitembea nyuma ya gari la namna hiyo. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa mlangoni pa hema lake: “Mama, wamesema nini?” Akanijibu: “Mwanangu, nimesikia ngoma tu. Chanjo ni leo ao ni kesho?” Sikuwa na jibu, maana mimi pia sikushika neno.

Dereva alisema ampli ni ndogo, inunuliwe nyingine. Fundi tuliyemuita alikataa. Ampli ilikuwa na nguvu ya kutosha, ila kitufe cha geini kilifunguliwa mpaka mwisho. Watu wengi wanafikiri geini ni ya kuongeza sauti. Hapana. Kazi yake ni kulinganisha ampli na umeme unaotoka kwenye redio ya gari. Ukizidisha, ampli inakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Maneno yanapasuka, na koili ya bafle inapata moto mpaka inaungua.

Fundi alirudisha geini chini kabisa, akazima vitufe vyote vya kuongeza besi, akachomoa nyaya za bafle kubwa ya besi. Redio akaifungua robo tatu, akapiga mlio mmoja wa hertz 50. Ampli ile ni ya wati 300 kwa bafle ya ohm 4. Alizidisha 300 kwa 4, akapata 1,200, na kipeuo chake cha pili ni karibu 34.6. Akaweka mita kwenye upande wa AC, akapandisha geini polepole mpaka volti 34, akaacha hapo. Kisha akaweka kichujio kwenye hertz 80, ili bafle ya besi ipate sauti nzito tu, na maneno yatoke kwenye spika za juu.

Hakuna kilichonunuliwa. Kazi yote ilihitaji mita na uvumilivu.

Ninyi wenye magari ya matangazo, punguzeni muziki kabla ya kusema. Mtumeni mtu asimame hatua 50 mbali, arudie maneno aliyoyasikia. Akishindwa, hamjatangaza kitu, mmepiga kelele tu.

Na ninyi wazazi wetu mulioko kambini, musipoelewa, simamisheni gari muulize. Si usumbufu, ni haki yenu. Tangazo la chanjo lisiloeleweka linaweza kumkosesha mtoto chanjo yake.