Pembe Mraba

Twakiri mbele ya walimu wenzetu kosa tulilolifanya darasani hapa Uganda, nalo halikuwa dogo. Tulipotakiwa kuwafasiria wanafunzi jina la pembe ya nyuzi 90, tulilifuata neno la Kiingereza bila kufikiri, tukasema “pembe ya kulia”. Wakaliandika, nasi tukawapa alama.

Mmoja wao baadaye alikwenda kujifunza uashi kwa fundi mmoja mzee aliyetoka pwani. Siku ya kutandaza kamba za msingi, kijana akasema, “Fundi, pembe ya kulia imepotoka.” Fundi akaenda upande wa kulia, akapima, asione kasoro. Kosa lilikuwa kushoto. Vibarua wakaangua kicheko. Kijana alikuja kwetu jioni ile, akatuuliza kwa adabu neno lile tulilitoa wapi.

Ilitubidi twende kiwanjani wenyewe. Fundi hakuwa na maneno mengi. Kwenye kona ile ya kushoto alipima futi 3 upande huu na futi 4 upande wa pili, akatia alama, kisha akanyosha kamba baina ya alama hizo. “Ikija 5, mwalimu, pembe ni mraba.” Ilizidi kwa inchi mbili: pembe butu.

Neno mraba tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni ile ya nne. Robo na arobaini ni ndugu zake. Lakini Waarabu wenyewe pembe hiyo huiita pembe iliyosimama. Waingereza na Wafaransa, kwa kufuata Kilatini, waliiita iliyonyoka, kwa neno ambalo kwao pia ni la mkono wa kulia, na humo ndimo tulimotumbukia. Kiswahili kimelitwaa jina katika umbo lenyewe. (Mstatili nao una pembe nne za namna hiyo bila ya kuwa mraba, mwanafunzi mwerevu hakosi kuliuliza hilo.) Tena neno limetoka nje ya hesabu zamani: kiwanja hupimwa kwa mita za mraba, shuka huwa ya miraba, na pande la mtu husemwa kuwa ni miraba minne.

Tulilifuta lile la kwanza ubaoni, tukaandika pembe mraba. Alama tulizokwisha kuzitoa hazikurudi. Kijana yule sasa ni fundi kamili, na kila tukikutana njiani hutuamkia vizuri, kisha hutuuliza kama kulia bado ni kulia.