Benchi la Fundi Viatu

Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja. Lilikaa nje ya kibanda cha fundi viatu, steji ya Naivasha, upande ambao jua la alasiri halifiki, na kwa zaidi ya miaka ishirini mimi na mume wangu hatukuwa na mahali pengine pa kupatana. Ukiachwa na basi, ukishuka kituo kisicho chako, mkipotezana sokoni: benchi. Fundi alituzoea hata akawa akimwona mmoja wetu anakuja peke yake, anasogeza viatu vya watu pembeni kabla hajasalimiwa.

Ilianza Aprili 1986. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Mimi ni mtu wa Voi, yeye wa Njoro, na alikuwa ameajiriwa Olkaria tangu 1983. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ulikuwa umeshaanza kazi 1981, wa pili 1982, megawati 15 kila mmoja. Ule wa tatu ulipowashwa 1985, alimhadithia mama yangu habari zake kana kwamba ndiye aliyeuzaa. Nyumbani tunasema Kiswahili, kwa sababu Kitaita changu hakimfai, na Kikuyu chake nilijifunza kwa kugombana na mawifi, kwa hiyo najua zaidi upande wa ukali.

Nilikuwa nimekwenda kwetu kujifungua. Mtoto alipotimiza miezi mitatu nikatuma telegramu kutoka posta ya Voi. Telegramu ulilipia kwa neno, nami nilikuwa na pesa za nauli tu, nikabana: NAFIKA ALHAMISI. Kwangu mimi maana yake ilikuwa nafika Naivasha. Yeye akawaza kama mume: mke anarudi na mchanga kwa treni ya usiku, na treni ya Mombasa inaishia Nairobi, basi anayefika Alhamisi anafika Nairobi. Akatoka shifti ya usiku, hakulala, akashika njia.

Sasa, kutoka Nairobi kuja huku kuna barabara mbili, na zinaachana Rironi. Moja inapita juu, ukingoni mwa bonde, kwenye baridi na ukungu. Ya pili inateremka Mai Mahiu, ile waliyoijenga mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, wakaacha na kanisa dogo pale chini ambalo hata leo madereva hulionyesha abiria wageni. Alhamisi ile mume wangu alipanda kwa barabara ya chini huku mimi nikija kwa ile ya juu, mtoto kifuani, nikitazama Longonot na kujisifu kwamba nimejua kusafiri.

Naivasha sikumkuta mtu. Nikangoja. Magari ya kwenda upande wa ziwa yakaisha. Nilipoinuka mara ya tatu kwenda kuchungulia barabarani, fundi viatu akanikalisha. Alikuwa mtu wa Siaya, mdogo kwangu kwa umri, lakini alisema kama babu: "Mama, kaa hapa. Anayetafutwa akitembea, hapatikani." Akaninunulia chai. Saa mbili usiku na ushei baba mtoto akatokea, macho mekundu, kilemba cha vumbi kichwani. Alikuwa ameizunguka stesheni ya Nairobi, akaulizia hadi kwa polisi. Hakunisalimia, wala mwanawe hakumtazama kwanza. Alitoa telegramu mfukoni, akaikunjua chini ya taa ya kioski, akanisomea maneno yale mawili, polepole, mara mbili.

Ndiyo maana ya benchi. Tuliapiana usiku ule ule kwamba aliyetangulia kufika akae, asitie mguu popote.

Agano halikutuzuia kupoteana, lilitufundisha tu mahali pa kuishia. Na kuna pahali ambapo halikufaa kitu, kwa mfano kule kazini kwake. Olkaria iko ndani ya Mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa 1984 mitambo ikiwa tayari imo, kwa hiyo swala na mabomba wanaishi pamoja. Mwaka 1989 nilipata lifti ya jirani nikampelekee ufunguo aliousahau. Nikashushwa penye bomba la mvuke. Mabomba yale hayaendi moja kwa moja. Kila baada ya hatua kadhaa bomba linakunjwa, linapanda, linavuka kama kizingiti cha mlango, linashuka tena. Alishanichorea vumbini sababu yake: chuma kikipata moto kinarefuka, kisipopewa pa kunyooshea kitapasuka. Basi nikasimama chini ya kizingiti hicho, harufu ya yai viza puani. Siku hiyo walikuwa wanapima kisima kipya, wamekiacha wazi kipumue. Mvumo wake hausikiki kwa masikio tu, unaingia mpaka menoni. Mzee wangu alikuwa nyuma yangu, hatua tano, ananiita kwa nguvu zake zote, nami sisikii kitu. Aliponigusa bega nikajua ni nyati. Ufunguo haukuonekana mpaka leo.

Hadithi ya Kikopey ndiyo anayopenda yeye kuisimulia, kwa hiyo niiseme mimi, maana ya kwake inaruka vipande. Tulitoka Nakuru kwenye mazishi, 1994. Basi likasimama Kikopey, na hapo kuna nyama choma ambayo mtu mwenye akili huikwepa akiwa safarini. Mzee miguu ilikuwa imemvimba, amevua viatu, akashuka kwa ndala "dakika moja tu". Basi likaondoka. Nilipiga kelele, kondakta akaniambia mume wangu yuko nyuma ameketi. Hakuwako. Nikashuka Gilgil na mabegi mawili, mwavuli, na viatu vyake vyeusi, nikajiambia kwamba atapita hapa, na aliyetangulia akae. Akapita kweli, juu ya lori la kabichi, akitazama upande mwingine. Nililikimbilia lori lile nimeinua kiatu juu kama mtu anayenadi mali.

Giza lilipoingia ndipo nilipofika Naivasha. Alikuwa ameketi kwenye benchi, ndala miguuni, nyama ndani ya gazeti mapajani, imeganda mafuta. Akasema hakuigusa, ananisubiri. Mbavu nilizihesabu. Zilipungua mbili, na fundi viatu alikuwa akipangusa mdomo, kwa hiyo sijui nimlaumu nani.

Mwaka 2007 yule mchanga wa telegramu alikuwa ameanza kazi Nairobi, akatununulia simu mbili. Ilikuwa ule mwaka M-Pesa ilipoanza, na kila kioski pale steji kikaanza kupakwa kijani. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini tuliacha kupanga. Zamani akienda Nakuru nilijua atarudi na gari gani, atakaa upande gani, akikosa la saa nane atakula wapi akingoja la saa kumi. Nilimjua kama ratiba. Sasa nampigia tu. Naye anasema "niko Karagita hapa", huku nyuma yake nasikia kabisa makanga wa Gilgil anaita abiria. Mwanamume ambaye hajawahi kunidanganya uso kwa uso, simu ilimfundisha kwa mwezi mmoja.

Fundi viatu aliondoka Januari 2008, ile wiki ya ghasia za baada ya uchaguzi ambayo watu wa Naivasha hatupendi kuizungumza. Siku mbili baadaye kibanda kilikuwa majivu. Namba yake hatukuwa nayo. Katika miaka yote hiyo haikutupitia akilini kuiomba, kwani tulijua alipo.

Desemba 2019 nilikuwa narudi kutoka kwa binti yetu, nikasema nijaribu treni mpya, iliyokuwa imeanza miezi miwili nyuma kuja upande huu. Watu wanaiita ya Naivasha, ila inaishia Suswa. Nikapiga simu: "Nimefika stesheni." Akajibu: "Hata mimi niko stesheni." Nikamwambia simwoni. Akasema yeye ndiye asiyeniona mimi. "Unaona nini hapo?" "Naona reli." Tulibishana hivyo dakika kumi, kila mtu akisema kweli, yeye akiwa stesheni ile kuukuu ya mjini, mpaka betri yangu ikazima. Na badala ya kukaa, niliondoka. Nilikaa robo saa, nikahisi kama mikono haina kazi, nikapanda matatu ya kwanza. Alifika Suswa jua linatua akakuta askari peke yake. Tulionana nyumbani saa tatu usiku, hatukusemeshana hadi asubuhi.

Mwezi uliopita alikwenda Nakuru kupimwa macho. Amestaafu tangu 2015, goti moja ni la kuombea, na masikio aliyaacha visimani. Saa tisa nikampigia. Simu ikalia chini ya mto wa kochi, hatua mbili kutoka nilipokaa.

Nikafikiri. Kliniki hutoa watu saa saba. Angetaka chai kwanza, na mandazi ambayo daktari amekataza. Matatu angengoja ya kiti cha mbele kwa sababu ya goti. Saa kumi na moja, basi. Nikavaa kanga ya pili, nikapanda boda boda hadi steji, nikasimama mbele ya duka la M-Pesa lililokaa mahali pa kibanda. Benchi hakuna, nikaazima kreti ya soda.

Saa kumi na moja na dakika ishirini akashuka, mguu mzima kwanza, dawa ya macho mkononi. Akaja moja kwa moja, hakutazama kushoto wala kulia.

"Umeniletea simu yangu?"

"Nimeiacha nyumbani," nikamwambia, "inachaji."

Akageuka kumuuliza kijana wa duka kama ana kreti nyingine.