Ile injini haikuwa inawaka

Wasee, hii posti nimeiandika na kuifuta mara tatu. Leo naiweka hivo ilivyo.

Mnaikumbuka ile vidio yangu ya injini ndogo, ile niliyosema nimeitengeneza na vyuma vya Kibuye? Flaiwili inazunguka, mlio fiti, mimi natabasamu kama nimeshinda Safari Rally. Sijawahi kuweka vidio ikatazamwa kama hiyo. Watu 31 wakanitumia pesa kwa M-PESA nimalizie "awamu ya pili". Jumla ilikuwa shilingi 7,450.

Injini haikuwa inawaka. Ndani hakukuwa hata na pistoni. Flaiwili ilikuwa inazungushwa na drili niliyoificha chini ya meza, na ule mlio ni wa Boxer ya jirani. Niliurekodi asubuhi akipasha pikipiki moto aende stage.

Sijisifu. Nataka tu mjue nilifikaje hapo, kwa sababu naona si mimi peke yangu.

Kilichonishinda ni krenki. Kama hujawahi kufungua injini, fikiria baiskeli. Goti lako linapanda na kushuka, lakini pedali inazunguka. Krenki ndiyo hiyo pedali ndani ya injini. Pistoni inapanda na kushuka, konrodi inaisukuma krenki, krenki inazunguka. Kwa hivyo ni shafti yenye kiwiko katikati. Ncha zake mbili lazima zikae kwa mstari mmoja kabisa, na ile pini ya katikati ikae pembeni ya huo mstari, lakini sambamba nao. Kuisema ni sekunde kumi.

Mimi nilichukua vipande vya rodi na bapa mbili, nikaviunganisha kwa weldi. Kwa macho ilikuwa safi. Nikaipiga msasa, nikaipiga picha, mkaipa laiki. Lakini chuma kikichomelewa upande mmoja, kikipoa kinajivuta upande huo. Nilipoifunga kwa bodi ya injini ilizunguka nusu duara ikakwama. Nikailegeza, ikazunguka ikiyumba kama mtu ametoka matanga. Nilikuwa nimeshawaahidi vidio Jumapili, na hiyo ilikuwa Ijumaa usiku. Jumamosi nikaazima drili.

Labda ningenyamaza mpaka leo. Lakini wiki tatu baadaye mvulana wa kidato cha pili, upande wa Homa Bay, akaniandikia. Alikuwa ameuza omena na mamake likizo nzima, akanunua rodi, akamlipa fundi wa weldi, akatengeneza krenki kama yangu. Akanitumia picha. Aliandika: "Kaka, yako inazunguka poa, yangu inayumba. Nimekosea wapi?"

Manze, niliiangalia hiyo meseji siku mbili. Kijana hakuwa amekosea kitu. Alikuwa amefuata uongo wangu vizuri kabisa.

Hapo ndipo nikaenda kwa fundi mmoja wa leithi pale jua kali, karibu na Kibuye. Jina lake siweki, hajanituma. Sisi wote humwita Jaduong'. Mpango wangu ulikuwa anichongee krenki haraka, nimtumie yule kijana maelezo, niendelee na maisha. Nikamsalimia, akanijibu bila kuinua kichwa.

"Nimeona vidio yako," akasema. "Binti yangu alinionyesha."

Nikangoja.

"Moshi ilikuwa inatokea wapi?"

Wasee, komenti zaidi ya mia tisa na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza hilo swali. Nikamwambia ukweli wote, mpaka ile ya drili. Hakunigombeza. Akasema, "Keti hapo, nyathina. Leo uangalie tu."

Siku hiyo alikuwa na krenki ya injini ya boti, imeletwa na mvuvi kutoka Dunga. Krenki nyingi za injini hizo ndogo za boti na za pikipiki haziwi kipande kimoja. Ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja na presi, pini ikiwa katikati. Pini ikilika, inasukumwa nje, mpya inaingizwa, halafu kazi yenyewe ndiyo inaanza. Jaduong' aliiweka katikati ya senta mbili, akaegesha geji ya saa juu ya shafti, akaizungusha kwa mkono pole pole. Mshale ukacheza. Akagonga kwa nyundo ya shaba mara moja. Akazungusha, akasoma, akagonga tena. Alifanya hivo karibu saa moja, na kitu chenyewe kwa macho yangu kilikuwa kimenyooka tangu mwanzo.

Nikamwuliza mbona asiachie hapo. Akasema, "Huyu anavua usiku. Hii ikikatika huko ndani saa nane, ataegesha wapi?"

Sikuwa na jibu, nikanyamaza.

Akanionyesha pia krenki za dizeli zinazoletwa kusagwa. Ikilika, inasagwa iwe nyembamba kidogo, halafu unanunua beringi nene zaidi kujaza ile nafasi. Hatua zake zinajulikana: robo milimita, nusu, robo tatu, moja. Ukipitisha hapo, hiyo krenki ni ya kupimwa kwa kilo kwa skrepa. Yaani kuna watu hapa Kisumu wanashinda wakibishana na sehemu mia za milimita, na sisi tunapita na simu zetu tukitafuta "talanta".

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na zingine. Masharti yalikuwa mawili: mashine niitumie wateja wakiisha, na kamera ibaki nyumbani.

Injini yangu ina silinda ya milimita 32, na pistoni inatembea milimita 30, kwa hivyo pini inakaa milimita 15 kando ya mstari wa katikati. Tulinunua kipande cha ekseli ya lori, kipenyo milimita 50. Kila upande wa hicho kipande tukatoboa vishimo viwili vya senta, kimoja katikati kabisa, kingine milimita 15 pembeni. Ukikifunga kwa vishimo vya pembeni, kipande chote kinazunguka kombo, na kisu kinakata pini. Ukikirudisha kwa vya katikati, unakata zile ncha. Umeona? Ule ukombo wote unatoka kwa vishimo vinne. Ukikosea hapo, hakuna msasa wa kukuokoa.

Kukata pini ndiyo noma. Chuma kinakuja na kuondoka, kisu kinagonga ta-ta-ta-ta, na lazima kiwe kirefu kufika chini kati ya zile kuta mbili, kwa hivyo kinatetemeka. Unaenda polepole mpaka unaboeka. Krenki ya kwanza niliiharibu Jumamosi ya pili. Nilimaliza pini vizuri, nikabana senta nikate ncha, sikuziba lile pengo la katikati. Msukumo wa senta ukaikunja. Kwa macho huoni kitu. Geji ikasema sehemu 30 za mia. Jaduong' akaitupa kwa ndoo, akanipa kipande kingine cha ekseli, akaandika bei yake kwa daftari la madeni.

Ya pili tulikata kipande cha chuma kinachoingia kwa hilo pengo bila kulazimisha, tukakifunga hapo kabla ya kubana senta. Jumamosi ya tano ikatoka. Kuyumba: sehemu 2 za mia. Unywele wako una unene wa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Sasa maoni yangu, maana mnanifuata kwa hayo.

Sisi tunapenda sana kusherehekea kitu kikionekana kama kimefanya kazi. Kila mwaka kuna kijana ametengeneza ndege ya mabati. Kamera zinakuja, mheshimiwa anaahidi skolaship, na hakuna anayeuliza uzito ni kilo ngapi. Hii si ya juzi. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, na Februari 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani. Yalitembea, hilo si uongo kama wangu. Lakini mpango wa kuyatengeneza kwa wingi ulikwama kwa kukosa pesa. Kilichobaki ni karakana, ile inayoitwa leo Numerical Machining Complex, Nairobi, na wengi wenu ndiyo mnaisikia kwangu leo. Gari tunalikumbuka. Mashine za kutengeneza vipuri, nani anazo habari?

Na si ati hizi kazi ni za kuja na meli. Kiswahili kina neno lake, kukereza. Mafundi wa Pwani walikuwa wanakereza miguu ya vitanda kabla reli haijafika hapa Kisumu mwaka 1901. Kisumu yenyewe, meli ya William Mackinnon ilikuja vipande vipande kutoka Uskoti, vingine vikibebwa na wapagazi, ikaunganishwa hapa na kuingia ziwani mwaka 1900. Kama hivyo vipande havingekuwa vimepimwa, ingebaki rundo la chuma ufuoni.

Najua mtaniambia kontenti ni kontenti, watu wanataka kuburudika. Sawa. Lakini uongo wangu haukumaliza kwa simu yako. Ulifika Homa Bay ukala pesa ya omena.

Kwa hivyo:

Ile vidio nimeitoa. Yule kijana nimempigia, nikamwambia kila kitu. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Kwa hivyo welding haiwezi?" Nikamwambia yangu haikuweza, na nikamtumia vipimo vyote. Kipande cha ekseli nimemtumia kwa matatu, Jaduong' alikiandika kwa jina langu.

Wale 31, nina orodha. Nimeshawarudishia 12. Wengine nitamaliza mwisho wa mwezi ujao. Kama uko kwa orodha na una haraka, niandikie, nikuweke mbele.

Na injini, bado. Krenki iko kwa bodi na inazunguka kwa kidole kimoja. Pistoni bado sijakereza. Ikiwaka mtaona, na safari hii mwangalie moshi.