Wanawake Wachoraji na Kalamu Yetu Nyekundu

Ndugu walimu wenzetu, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za ngeli, tahajia na mashairi. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya mchoro mmoja tulioupa alama 2 juu ya 10, na juu ya yale tuliyojifunza baadaye kuhusu wanawake wanaochora pasipo kuchora kitu chenye jina.

Tunafundisha Kiswahili hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura, ambapo lugha hii imekuwa lugha ya soko, ya wavuvi na ya wauza mawese kwa vizazi kadhaa. Mwaka 2024 ziwa lilipanda kupita kiasi. Maji yaliingia katika nyumba zilizo karibu na ufuko, na watu wengi wakahama na vile tu vilivyoweza kubebwa. Katika majuma yale tuliwapa wanafunzi wetu insha yenye kichwa "Nyumbani Kwetu". Na kwa kuwa baadhi yao walikuwa wazito wa kuandika, tuliwaruhusu waanze kwa mchoro.

Wengi walichora nyumba, mchikichi, mtumbwi na jua. Msichana mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu hivi, alituletea ukurasa uliojaa rangi ya buluu, iliyokolezwa hata karatasi ikakaribia kutoboka. Juu kabisa palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Chini yake hapakuwa na kitu ila buluu juu ya buluu. Tulimwuliza, "Hiki ni nini?" Akajibu, "Ni nyumbani kwetu, Mwalimu." Tukamwambia kwamba nyumba ina mlango na madirisha. Tukaandika 2 juu ya 10 kwa kalamu nyekundu, katikati ya ukurasa, tukaenda dawati la pili.

Baada ya majuma matatu tulipita katika mtaa aliokuwa akiishi. Nyumba yao ilikuwa imesimama ndani ya maji yaliyofika madirishani, na juu yake paa la bati lililoshika kutu. Tuliona haya. Kesho yake tulimwita kando, tukamwambia kwa sauti ya mtu aliyefumbua fumbo, "Sasa tumeelewa. Buluu ni maji, na ule mstari ni paa." Akatikisa kichwa. "Siyo maji, Mwalimu. Ni ule usiku." Tulipomwuliza kuhusu mstari mwekundu alitazama chini, asijibu. Nasi tukanyamaza.

Basi tulikuwa tumekosa mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa kusema kwamba ukurasa ule hauna kitu. Kosa la pili, ambalo twaliona kuwa kubwa zaidi kwa sababu tulilifanya kwa kujisifu, lilikuwa kumlazimisha mtoto yule awe amechora vitu, maji na bati, ilhali yeye alikuwa amechora jambo lililompata. Usiku hauna mlango wala madirisha. Hofu haina umbo ambalo mwalimu aweza kulilinganisha na kielelezo ubaoni.

Jambo hili lilitukumbusha mama yetu mzazi. Yeye alizaliwa katika mwambao huu, na yalipozuka machafuko ya mwisho wa Aprili 1972, na mauaji yaliyofuata, alikimbilia Tanzania akiwa msichana, akaishi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Huko ndiko alikojifunza kusuka mikeka ya ukindu, na huko ndiko tulikozaliwa na kusomeshwa, hata tuliporejea Rumonge mwaka 2008. Mmoja wa mikeka yake ulikuwa na mahali ambapo mpangilio wa rangi unakatika ghafla: zambarau na kijani zinakoma, unaingia ukindu mtupu kiasi cha shubiri moja, kisha rangi zinarudi. Tulipokuwa wadogo tulimwuliza kama siku ile aliishiwa na rangi. Alitujibu maneno mawili tu: "Rangi ilikuwapo." Hakueleza zaidi hadi alipofariki. Tulilisikia jibu hilo tungali watoto. Tulipokuwa walimu tukalisahau.

Wataalamu huziita kazi za namna hii sanaa ya dhahania, yaani sanaa isiyoiga sura ya kitu, bali hupanga rangi, mistari na maumbo ili yabebe maana yenyewe. Wako wanaodhani kwamba sanaa hiyo ni ugeni ulioletwa kutoka Ulaya. Lakini tazameni jirani zetu wa mashariki ya Rwanda. Huko wanawake wamerithishana sanaa ya imigongo: hufinyanga matuta ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, wakayapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, yakawa mizunguko na pembe zinazofuatana ukutani. Hamna ng'ombe wala mtu katika picha hizo. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliwaua wengi waliokuwa na ujuzi huo. Waliobaki wakaurudia na kuwafundisha wengine.

Tulipoanza kusoma habari za wachoraji wa kisasa wa Afrika Mashariki, tuliwakuta wanawake walioifuata njia iyo hiyo kwa brashi. Theresa Musoke wa Uganda, aliyesoma Makerere, alichora katika bweni la wanawake la Mary Stuart Hall picha ya ukutani ihusuyo uzazi. Baadaye aliishi Kenya miaka mingi kabla ya kurejea kwao, na katika picha zake nyingi wanyama na watu huchomoza na kupotea ndani ya rangi, hata mtazamaji asijue umbo linaanzia wapi.

Hata hivyo aliyetugusa zaidi ni Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa mkoani Kilimanjaro mwaka 1954. Mwaka 1973 alihamia Sweden, akaonja ubaguzi wa rangi, akasoma anthropolojia, lakini akaona kwamba elimu ile humfanya mtu kuwa kitu cha kuchunguzwa. Mwaka 1980 alifanya onyesho lake la kwanza katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kati ya mwaka 1984 na 1986 alikaa na wanawake wa Skive nchini Denmark, wa Tanzania na wa Calcutta nchini India, wakazungumza juu ya maisha yao. Kisha akachora na kutunga mashairi kutokana na mazungumzo hayo. Angalieni utaratibu wake, walimu wenzetu: alisikiliza kwanza, akachora baadaye.

Yeye haachi kabisa umbo la binadamu. Katika picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, nyuso kadhaa zimekutana mahali pamoja, kana kwamba uso mmoja haukutosha kusema yeye ni nani. Picha hiyo ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London mwaka 2022, na ni ya kwanza ya rangi iliyochorwa na mwanamke mweusi akijichora mwenyewe kuingia katika hazina yake. Mapema katika miaka ya 1990, alipokuwa akipona maradhi ya nafsi yaliyotokana na kiwewe, alichora mfululizo mrefu aliouita The Wedding. Mwaka 2012 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya sanaa ya kisasa ya Afrika na kiwewe cha watu weusi. Maumivu yake hayakubaki kuwa siri yake peke yake, wala hayakuwa hadithi ya kusimuliwa mitaani. Yaligeuka kazi.

Hapa tunasikia mwenzetu mmoja akiuliza, "Je, kila mtoto atakayepakapaka ukurasa tumpe 10?" Swali hilo ni la haki. Kuchora kwa hisi ya ndani si kuchora ovyo. Mkono unaweza kutangulia na maelezo yakachelewa, pengine yasije kabisa. Lakini kazi iliyofanywa kwa dhati huacha dalili zake. Ukurasa ule wa buluu ulikuwa umesuguliwa tabaka juu ya tabaka. Mstari mwekundu ulikuwa umechorwa mara moja tu, bila kurudiwa, mahali palipochaguliwa. Mtoto mvivu hasugui karatasi hadi ikaribie kutoboka. Dalili hizo zilikuwa mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tukitafuta madirisha.

Mwisho tulikwenda kuwatembelea nyumbani, katika chumba walichopanga upande wa juu wa mji. Mama yake alitukaribisha, akatupa kiti kimoja kilichokuwamo. Ukutani, karibu na kitanda, tuliuona ukurasa wetu umebandikwa. Alama yetu nyekundu, 2 juu ya 10, ilikuwa bado katikati ya buluu. Tulimwomba radhi, tukasema kwamba alama ile tumeibadilisha katika daftari la darasa. Tukamwuliza kama twaweza kuuchukua mchoro tuufute wino wetu. Alitujibu kwa upole, "Acha tu, Mwalimu. Ukifuta, karatasi itatoboka." Ni kweli, ingetoboka.

Tangu siku ile tumeshika mambo mawili. Kwanza, hatuandiki tena alama juu ya mchoro wa mwanafunzi. Alama hukaa katika daftari letu, na kazi hubaki mali ya aliyeifanya. Pili, hatuulizi tena, "Hiki ni nini?" Twauliza, "Ungependa kutuambia nini juu yake?" na asiyependa kusema hatumlazimishi. Tumeona kwamba wengi husema, na wakishasema huandika. Msichana yule naye aliandika insha yake muhula uliofuata, kurasa mbili na nusu. Kuhusu mstari mwekundu hakuandika neno.

Sisi tu walimu wa lugha, na kazi yetu ni kuwapa watoto maneno. Lakini yafaa tukumbuke kwamba yapo yanayompata mtu kabla hajapata maneno yake, na kwamba mama zetu, kwa ukindu, kwa samadi na kwa rangi, wamekuwa wakiyahifadhi siku zote. Tusiyasahihishe kabla ya kuyatazama.