Bitana ya Bafu

Bibi harusi unayejenga, hili lako.

Hapa Mfaranyaki, Songea, nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, nazo hunywa maji. Ukuta wa bafu langu umepakana na chumba ninachotundika magauni ya harusi ya wateja. Fundi aliposema, "Dada, marumaru zenyewe zinazuia maji, tubandike tu," nilikataa. Marumaru hazipitishi maji, ila maungio yake yanapitisha. Maji hupenya hadi kwenye plasta, na upande wa pili rangi hubabuka, ukungu huota. Gauni jeupe likishika ukungu, amana ya mtu imeharibika.

Basi plasta ikakauka kwanza. Tukapaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka, toka sakafuni hadi juu ya bomba la kuogea. Kwenye pembe, na ukuta unapokutana na sakafu, tukalaza utepe wa kitambaa ndani ya dawa. Ilipokauka tukaziba tundu la maji, tukajaza maji sakafuni, yakalala saa 24. Chumbani pakavu, alhamdulillah. Ndipo tukabandika marumaru.

Gauni husifiwa kitambaa, lakini linakaa kwa bitana. Usione haya kumwambia fundi asubiri.