Nani Amelipa Safari ya Mbunge?



Mbunge akienda ng'ambo, watu wengi huuliza atarudi lini na ataleta nini. Mimi huuliza kwanza: nani amelipa?

Mwezi wa tano 2013, wabunge 10 wa Marekani na wasaidizi wao 32 walienda kwenye mkutano Baku, mji mkuu wa Azerbaijan. Kwenye karatasi, walioalika ni mashirika yasiyotafuta faida. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba kampuni ya mafuta ya serikali ya Azerbaijan ndiyo iliyotoa pesa kwa siri, dola 750,000. Wageni walirudi na mazulia na mitandio ya hariri. Wabunge wenyewe walisema hawakujua pesa ilitoka wapi.

Wamarekani walikuwa wamekwisha kuumwa kabla ya hapo. Mwaka 2002 mbunge Bob Ney alienda Scotland kucheza gofu na Jack Abramoff, mtu aliyelipwa kuwashawishi wabunge. Wote wawili waliishia gerezani. Mwaka 2007 sheria ikakazwa: safari iombewe ruhusa kabla, na gharama zitangazwe baada ya kurudi. Hata hivyo, ya Baku ilipita.

Inatuhusu nini sisi? Mwezi wa saba 2010 bunge hilohilo lilipitisha sheria inayotaka kampuni kubwa zieleze kama koltani, kasiterite, wolframu na dhahabu yao inatoka Congo au kwa majirani zetu. Vyama vya wafanyabiashara viliipinga mpaka mahakamani. Wachimbaji wetu, ambao bei ya gunia ndiyo ugali wao, hawakuwa na wa kuwalipia ndege kwenda kujieleza kule. Mwenye nauli ndiye anayesikilizwa.

Na sisi waandishi tunaijua hali hiyo. Shirika moja lilitupakia garini kwenda kuona kambi ya wahami. Tukaonyeshwa bomba jipya, tukapigwa picha, tukapewa soda na bahasha ya usafiri. Mama mmoja akanivuta pembeni: «Mwanangu, njoo huku nyuma uone.» Huko nyuma mahema yalikuwa yamechanika na watoto walilala kwenye matope. Bahasha niliirudisha, habari ya mahema nikaisoma redioni. Tangu siku hiyo sikualikwa tena.

Sisemi wabunge wasisafiri. Waje, walale hata usiku mmoja chini ya shiti ya plastiki, wasikie mvua. Lakini walipiwe na bunge, na kama kuna mwingine aliyelipa, jina lake na kiasi vitangazwe kabla ya safari.

Kwa hiyo ujumbe ukifika kambini kwenu, mnyooshe mkono kwa heshima na muulize: waheshimiwa, nani amewalipia njia? Halafu muwapeleke huku nyuma.