Kituo Kisicho na Jina

Najua nimepotea wiki tatu hapa kijiweni, test zilinibana na boom lenyewe lilichelewa. Leo Jumapili usiku nimerudi chuoni kutoka Kibosho kwa bibi, na kuna jambo nimelifanya huko ambalo lazima nimwambie mtu. Mwenzangu wa chumbani kalala, kwa hiyo nawaambia nyinyi.

Mnakumbuka ile redio ya mtumba niliyonunua kwa fundi hapa mjini, ikanilaza maharage mwezi mzima? Ni ya masafa mafupi na ina swichi ya SSB. Bila hiyo swichi wanaradio wa ridhaa wanasikika kama bata wanaogombana. Kwa wageni wa kijiwe: hao ni watu wa kawaida tu, walimu, madereva, wastaafu, wenye mitambo nyumbani na leseni ya serikali yao, wanaongea na wenzao duniani kwa mapenzi tu, bila kulipwa. Kila mmoja ana alama ya wito, ndiyo jina lake hewani. Za Tanzania zinaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Wengi wana kurasa zao kwenye intaneti: picha ya antena, picha ya mbwa, orodha ya nchi walizozipata. Nimezisoma sana usiku niliotakiwa kusoma Auditing. 5H unaikuta, ila ukichungulia ni nani, mara nyingi nimekuta mgeni aliyekuja wiki mbili, akafunga waya hotelini, akaongea na dunia, akaondoka zake.

Chuoni redio haisikiki, chaja na taa zinajaza kelele. Kwa bibi ni kimya. Nimevuta waya wa mita 20 kutoka kwenye mparachichi hadi paa la jiko, juu ya migomba. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo kamba ya kuanikia nguo mbona umewawekea malaika?"

Basi juzi Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kwenye megahezi 14, nikawanasa Wataliano. Kundi zima, wanagombania kuita kituo cha 5H1, yaani Zanzibar. Wanaita, wananyamaza, mmoja anafurahi, anashukuru, wanaanza tena. Lakini huyo wa Zanzibar mwenyewe simsikii hata kidogo! Nikadhani redio imekufa. Kumbe ndivyo yalivyo masafa hayo: mawimbi yanapanda zaidi ya kilomita 200 juu, yanadunda kwenye ayonosfia, yanashukia mbali, kama mpira wa golikipa unaopita juu ya vichwa vya walio karibu. Zanzibar haifiki kilomita 400 kutoka Moshi, kwa hiyo mimi nilikuwa chini ya mpira.

Nilijisikia vibaya jamani. Watu wanaiita nchi yangu kwa vurugu, mimi nimo ndani yake, nasikia upande mmoja.

Jirani wa bibi ni mzee mstaafu, zamani akiendesha redio koli kwenye hospitali ya misheni. Kabla ya simu za mkononi hospitali hizo zilitegemea redio kuita msaada. Flying Doctors wa AMREF, walioanza 1957, nao walizitumia sana, na wazo lao lilizaliwa 1956 kwenye miteremko ya mlima huu huu, upande wa magharibi, shambani kwa daktari Michael Wood. Sasa, padre mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia mzee mtambo wake wa ridhaa, wa kupokea na kurusha. Mzee anausikiliza tu kwa betri ya gari. Jana jioni nikaenda kumwamkia, akaniwashia.

"Sikiliza," akasema, "ila hicho cha mkononi usikiguse." Akaenda kuchukua chai.

Nikakigusa.

Wataliano walikuwepo tena. Nikabonyeza, nikasema kwa Kiingereza kwamba hapa ni Kilimanjaro. Nikaachia. Kelele zote zikatulia, nawaambia kweli, kimya. Halafu sauti moja safi kabisa ikasema: kituo cha Kilimanjaro, taja alama yako. Akarudia. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayemsubiri mtoto. Jasho likanitoka. Nilikuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo na namba ya usajili ya chuo, na hakuna hata moja lililofaa pale. Nikazima.

Kugeuka, mzee yuko mlangoni na vikombe viwili.

"Amekuuliza nini?"

"Jina, babu."

"Umemwambiaje?"

"Sijamwambia."

"Basi hujaongea naye. Umempigia kelele."

Hakusema zaidi. Tukanywa chai, mtambo umezimwa, Kibo imejifungua wingu kidogo juu ya migomba. Nilipoaga akasema enzi zake asubuhi walikuwa wanaita vituo kimoja kimoja, na kisichoitika kwa jina lake, siku hiyo hiyo mtu anapanda gari kwenda kuangalia kama wazima.

Hilo ndilo limeninyima usingizi. Yule Mtaliano angemwangalia nani?

Kwa hiyo uamuzi: kesho nawaandikia TCRA, maana ndio wanaotoa leseni, niulize taratibu zote na gharama. Boom lijalo kwanza hilo, kiatu baadaye. Mzee kakubali kunifundisha namna ya kuongea hewani, kwa sharti kwamba mtambo hauwashwi hadi nipate karatasi. Na kama hapo chuoni kuna wengine wanaopenda mambo haya, njooni tuwe hata watatu, tuanzishe klabu. Waya ninao.

Wanaradio wakiagana husema 73, yaani salamu njema. Mimi bado. Niishie na usiku mwema tu.